Waliniajiri kwa Ukubwa wa Mwili

Waliniajiri kwa sababu ya mwili wangu. Msimamizi wa kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema, "Wewe utatufaa." Sikuwa nimekaa sana tangu nitoke Kenya, naishi Mansfield, mji mdogo karibu na Dallas, natafuta kazi yoyote, na sikuuliza nitawafaa kwa lipi. Ilikuwa nyumba ya kulea vijana wenye matatizo ya akili, ng'ambo ya Dallas, na kazi yangu ikawa kushika. Mtoto akipandwa na hasira, tunamkamata wawili au watatu, tunamlaza sakafuni, kisha tunamfungia katika chumba kitupu chenye kidirisha mlangoni mpaka anyamaze. Nilirudi nyumbani mgongo ukiniuma, na harufu ya nywele za mtoto wa watu imo kwenye shati langu.

Baadaye akaja msimamizi mpya, mama mwenye sauti ya chini. Alitukusanya akasema kufuli la chumba kile linang'olewa. Tutamshika mtoto pale tu maisha yanapokuwa hatarini. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kirundi aliyenitangulia kazini, akaninong'oneza, "Watatuvunja meno hawa." Hata mimi niliona hivyo.

Kulikuwa na binti wa Kikongomani, kwao mtaa wa Gulfton kule Houston. Mimi ndiye niliyemshika mara nyingi kuliko wote. Jumamosi moja alisuka nywele akimsubiri mama yake, lakini gari la mama likaharibika njiani. Tulipomwambia, alipindua meza, jagi la juisi likaruka ukutani. Mama wa Kirundi akawatoa vijana wengine. Nikabaki naye.

Mikono yangu ilikuwa imeshainuka. Nikaishusha, nikaketi sakafuni karibu na mlango kama msimamizi mpya alivyotufundisha. Alinirushia kiatu, kikanipata begani. Akarusha na cha pili.

Mimi humsemesha Kiswahili, naye hujibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyozoeana.

"Mbona hunishiki?" akauliza.

"Nimechoka kukushika. Wewe hujachoka kushikwa?"

Alisimama akihema. Kisha akateleza na ukuta mpaka akakaa chini, mbali nami, akalia kwa sauti. Sikumsogelea. Alipomaliza aliomba maji.

Jioni nilikaa naye ofisini akampigia mama yake simu. Mama akataka kusema nami.

"Kaka, mumemufunga tena?"

"Hapana, mama. Leo hakuna aliyemgusa."

Nikamsikia akipenga kamasi. "Aksanti," akasema. "Aksanti, kaka."

Wiki zilizofuata hazikuwa nyepesi. Siku moja binti alijaribu kujikata kwa kipande cha plastiki, ikabidi nimshike, naye akanitukana kutwa nzima. Tena kukaa sakafuni na mtoto anayelia kunachosha kuliko kumlaza chini. Ukishamfungia mlango, waweza kwenda kunywa chai. Wenzetu kadhaa waliacha, wakaenda kupanga maboksi ghalani. Mama wa Kirundi alibaki, akinung'unika, lakini ndiye aliyeshona pazia la chumba kile tulipokiwekea godoro na mablanketi. Polepole vijana wakaanza kuingia wenyewe na kutoka wenyewe.

Binti aliruhusiwa kwenda nyumbani mwanzo wa majira ya joto. Mama yake alimfuata kwa gari la kuazima. Sikuwahi kumuaga. Mtoto mgeni, aliyeletwa asubuhi hiyo, alikuwa amejificha chini ya meza ya jikoni, hataki kutoka, nami nilikuwa nimelala kifudifudi, shavu kwenye vigae, nikimngoja azoee sura yangu. Nilisikia milango ya gari ikifungwa nje, na sauti ya mama mtu akicheka. Mtoto akaniuliza ni nani wale. Nikamwambia ni watu wanaokwenda kwao.