Karatasi Iliyosema Hajui

Nilipokuwa darasa la saba, huko Migwani, hakuna kitu nilichokipenda kama karatasi ya kujaza. Kwa hiyo bwana wa ofisi ya maji alipokuja shuleni na karatasi zake, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alikuwa ametuwekea kipimamvua nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, na sasa alitaka habari za mto wetu. Mto wenyewe ni wa mchanga. Miezi mingi unaweza kuuvuka ukiwa umevaa viatu vya kanisani. Lakini mvua ikinyesha kule milimani, maji huja ghafla, hata kama kwetu jua linawaka. Kila mtoto amuulize mtu mzima kuliko wote nyumbani, alisema: mafuriko makubwa yalikuja mwaka gani, na maji yalifika kimo gani?

Haikuwa kazi ya mchezo. Wazazi walitaka kujenga darasa la nasari kwenye uwanda ulio karibu na mto, kando ya jiwe moja kubwa, na mawe ya kujengea yalikuwa yamekwisha kurundikwa hapo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba yangu. Alipapenda kwa sababu ni tambarare, watoto wadogo wasingepanda kilima.

"Tangu nizaliwe, maji haijawahi kufika hapa," alikuwa akisema, na baba akishasema, mambo yalikuwa yamekwisha.

Mtu mzima wa kwetu alikuwa susu, yaani nyanya yangu, mama yake baba. Nilimkuta akipepeta ndengu.

"Susu, mafuriko kubwa ilikuja mwaka gani?"

"Mwaka ule nilikuwa na baba yako mgongoni."

"Namba, susu. Nataka namba."

"Namba ya nini? Nakwambia alikuwa bado hajatambaa."

"Na maji ilifika wapi?"

"Hapa." Akajigusa shingo, akarudi kwenye ungo wake.

Nilikereka. Karatasi inataka mwaka na mita, yeye ananiletea mtoto mchanga na shingo! Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mwaka: hajui. Kimo: hajui. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Wala sikumwambia baba neno lolote, kwa kuwa niliona hakuna la kuambiwa.

Wiki iliyofuata wazazi waliitwa mkutano pale pale uwandani. Bwana wa maji akasoma karatasi moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwetu. "Mama yake mwenyekiti," akasema. "Mwaka, hajui. Kimo, hajui."

Susu alikuwa amekaa kwenye leso yake pamoja na kina mama wengine. Akainuka polepole, akiegemea fimbo.

"Ni mimi sijui?"

Hakumtazama bwana wa maji. Alinitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akatembea hadi kwenye jiwe kubwa, akaligeuzia mgongo. "Nilishikilia hii jiwe," akasema. "Maji ilifika kwa shingo." Bwana wa maji akaja mbio na kopo la rangi nyekundu, akainua brashi karibu na bega la susu. Susu akaipiga kofi ile brashi.

"Ngoja! Sasa nimepinda. Wakati huo nilikuwa nimenyooka." Kisha akaniita. "Kuja hapa, wewe wa hajui."

Watu wakacheka. Akanisimamisha pale pale, akaninyoosha mabega, akaniinua kidevu kwa vidole viwili. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, lakini vilinishika taratibu sana, na hapo ndipo nilipoona haya kweli.

"Nilikuwa urefu hii yake. Maji ilikuwa hapa." Akaweka kiganja chini ya kidevu changu, na bwana wa maji akachora mstari kwenye jiwe. Rangi kidogo ikaingia kwenye kola ya yunifomu yangu.

Baba alikuwa amesogea karibu. "Mwaitu," akamwita mama yake, "na mimi nilikuwa wapi?"

"Hapa." Susu akahamisha mkono, akauweka juu ya kichwa changu. "Nilikufungua mgongoni nikakushikilia kichwani."

Susu akaanza kusema kwa sauti ndogo, kama vile tuko jikoni. Siku hiyo mama mkwe wake alikuwa amemwonya, milimani kumekuwa kweusi, arudi. Lakini alikuwa amechimba mchanga tangu asubuhi, na maji ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kutoka.

"Nilitaka kujaza kibuyu moja tu. Kidogo nikupoteze kwa sababu ya kibuyu moja. Hiyo ningekwambia namna gani?"

Baba, mwenye sauti ya kutisha mikutano yote, alivua kofia. Akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Nililia?"

"Wewe? Ulilala. Uliamka maji ikiisha, ukataka kunyonya."

Baba akacheka, akajipangusa uso kwa kofia. Hakuomba kamati ipige kura. Aliinama, akachukua jiwe moja kwenye rundo, akalitia begani, akaanza kupanda nalo kilima. Wanaume wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Mimi nilikwenda kumwomba bwana wa maji karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika kwa wino, haikufutika. Ikabidi nikate yale maneno mawili na kuandika juu yake: Mwaka: baba akiwa mgongoni. Kimo: shingoni mwangu.

Susu akauliza nimeandika nini. Nikamsomea.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.