Magimbi ya Jumapili ya Mjomba

Nyumba yangu ya Mwembesongo, hapa Morogoro, nimeijenga kwa mshahara wa miaka kumi na moja ya kazi za maabara Gaborone. Hakuna mume aliyenichangia tofali, wala mjomba aliyenitafutia kazi. Diploma yangu nimeitundika sebuleni, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Nilichokuwa sikijui ni kupika. Tangu chuo mpaka Gaborone nilikula kantini, na sikuona aibu, kwa sababu wenzangu walipokuwa wanasonga ugali mimi nilikuwa nasoma.

Nilirudi Morogoro na jambo moja kichwani: kumshusha mama kutoka mlimani aje akae na mimi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na njia ya kwenda kuchota maji kule kwetu Uluguru inateleza hata kiangazi. Lakini wifi yangu, mke wa kaka, naye alimtaka. Sikuwahi kuamini kwamba alimtaka kwa mapenzi. Alitaka mtaa useme kwamba msomi ameshindwa kumtunza mzazi wake, yeye aliyeishia darasa la saba ameweza. Na silaha yake ilikuwa jiko langu.

Nilijifunza kupika Jumamosi na Jumapili, siku nisizokwenda kwenye kazi yangu mpya ya maabara hapa mjini. Ugali wa kwanza nilipima unga kwa mizani, nikaumimina wote kwa mpigo kwenye maji yanayochemka. Mwiko ulisimama wima katikati ya sufuria bila kushikwa. Wifi akaingia wakati huohuo, akasema "Hodi, wifi" akiwa tayari ameshatoa simu. Jioni picha ilikuwa kwenye grupu la familia, na chini yake ameandika: "Mafundi ujenzi, zege liko tayari kwa wifi."

Wiki iliyofuata nilimenya ndizi mbichi mkungu mzima. Hakuna aliyekuwa ameniambia nipake mafuta mikononi kwanza. Utomvu ulinigandia, na Jumatatu nilifika maabara na vidole vyeusi ambavyo havikusikia sabuni wala spiriti. Wifi alinikuta sokoni akaviangalia vizuri, kimoja kimoja.

"Wifi, umeacha maabara? Siku hizi uko gereji?"

Wauza nyanya walicheka. Nilijua majina yao wote, na mpaka leo sinunui kwao.

Hayo ningeweza kuyameza. Kilichonishinda ni alichomwambia mama kwa simu: "Mama, ukikaa kwa wifi utakufa na njaa huku unaangalia diploma." Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimwambia moyoni mwangu yule mwanamke kwamba siku yake ipo.

Kwetu Waluguru, neno la mwisho juu ya jambo kama hili ni la mjomba. Akatuma ujumbe kwamba Jumapili, baada ya misa, atashuka na mama waje kula kwangu, kaka na mkewe wawepo, halafu ataamua.

Nikanunua magimbi, kwa kuwa mama amekulia hayo. Yalikuwa mengi, sufuria moja haikutosha. Nikaweka sufuria moja kwenye gesi na nyingine kwenye jiko la mkaa, zote kwa tui la nazi. Wageni walipokwisha kunawa ndipo nilipoonja. Ya gesi yalikuwa laini kabisa. Ya mkaa hayakuwa yameiva; moto ulikuwa umefifia bila mimi kuona, na kipande kimoja tu kilitosha kunichoma koo kama nimemeza upupu.

Ningeweza kuyaacha jikoni. Nilisimama pale na upawa mkononi, nikamsikia wifi sebuleni: "Mjomba, leo funga mkanda." Nikachukua bakuli zuri kuliko yote, lenye maua, nikamjazia yeye ya mkaa. Wengine wote niliwapakulia ya gesi.

"Wifi, hilo bakuli kubwa ni lako," nilimwambia. "Wewe ndiye mwalimu wangu."

Alikula vipande vitatu kwa haraka, kwa kuwa alikuwa na hotuba. Mjomba akamuuliza ana neno gani.

"Mimi, mjomba, ninachosema, mama anahitaji mtu ambaye..." Akakohoa. "Ambaye anajua..." Akashika koo. Macho yakajaa machozi. Kaka akampa maji, na maji hayasaidii kitu kwenye muwasho wa magimbi. Alijaribu mara nne. Nilikaa nimekunja mikono, nikamtazama kila mara aliposhindwa.

Mjomba alimaliza bakuli lake, akapangusa mdomo. "Kwetu mama hukaa kwa binti yake. Nilitaka tu kuona kama atakula. Amekula. Atabaki hapa."

Wifi aliondoka bila kuaga, kitambaa mdomoni. Nilimsindikiza hadi getini, taratibu, kama inavyotakiwa.

Niliporudi, mjomba alikuwa amelala kwenye kochi na mama alikuwa jikoni, amejiegemeza kwenye meza. Amefunua sufuria ya mkaa, ana kipande kati ya vidole, anakiminya. Mtu aliyelima magimbi maisha yake yote hahitaji kuonja.

"Hili hukumpa mjomba wako."

"Hapana, mama."

"Wala mimi."

"Hapana."

Akachukua bakuli la wifi, akapakua vipande vitatu, akakiburuta kigoda kwa mguu wake mbovu mpaka mbele yangu. "Kaa. Kula."

Nina miaka arobaini na mbili na diploma. Nilikaa, nikala. Kipande cha pili tu nikahisi mtu ananikwaruza koo kwa brashi ya chuma, na machozi yakatoka. Mama alisimama juu yangu mpaka nikamaliza.

"Unajuta?" akaniuliza.

Sauti haikutoka, nikatikisa kichwa kukataa. Akanipokonya bakuli akalipeleka kwenye beseni la vyombo.

"Kesho utamenya vitunguu," alisema. "Sufuria hutagusa mpaka niseme."