Kimea Kibichi cha Mama Mkwe

Primus Massawe wa Kibosho alikuwa na sheria moja kwenye mashine yake ya kusaga: mkanda ukiteleza, punguza mzigo, usiongeze jiwe. Aliishika tangu aliponunua injini yake ya dizeli, wakati watu binafsi waliporuhusiwa kufanya biashara na kila kilima kikapata mashine. Aliivunja mara moja tu, Desemba ya mwaka 1994, mbele ya mama mkwe wake.

Ili sheria ieleweke, kwanza mashine ieleweke. Injini ilikaa upande mmoja wa kibanda na mashine ya kusaga upande wa pili. Kati yao ulipita mkanda mpana, ukizunguka puli kubwa ya injini na puli ndogo ya mashine. Mkanda wa namna hiyo huvuta kwa upande mmoja tu. Wa Primus ulivuta kwa upande wa chini, ukakaza kama kamba ya ng'ombe mbishi, na upande wa juu ukarudi mtupu, umelegea. Juu ya upande huo uliolegea Primus aliweka roli, gurudumu dogo linalozunguka, akaifunga katikati ya boriti iliyoshikwa na bawaba ukutani. Mwisho wa boriti lilining'inia jiwe kwa waya. Jiwe liliivuta boriti chini, boriti ikaikandamiza roli, na roli ikaufanya mkanda uikumbatie vizuri ile puli ndogo. Nguvu ya injini ilihamia kwenye mashine kwa kukumbatia huko, si kwa kitu kingine.

Jiwe likiwa jepesi mno, mkanda unateleza bila sababu. Likiwa zito mno, mkanda hauwezi tena kuteleza hata pale unapopaswa, na hilo ndilo Primus aliloliogopa. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari huko tambarare, na huko alijifunza kwamba mkanda unaoteleza unakuonya. Unakuambia mashine imeshiba. Ukimziba mdomo anayekuonya, usiseme baadaye kwamba hukuambiwa.

Sheria ilikuwa nzuri, na kwa kuwa nafaka mbichi huziba chujio la mashine na kuutelezesha mkanda, Primus aliikataa tangu mlangoni. Ubaya ni kwamba Primus aliipenda kwa sauti kubwa. Mwezi wa Novemba mkewe Hilda alipanga foleni na mahindi yake kama mteja yeyote. Primus akatia mkono kwenye mfuko, akasema mbele ya wanawake wote, "Mama Lucky, haya yana maji. Rudi ukaanike. Hapa hakuna mke wa mtu."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Hilda hakucheka. Alirudi nyumbani, akayaanika mahindi kama alivyoagizwa, kisha akafunga nguo zake akaenda kwao Kirua Vunjo. Krismasi ikakaribia hajarudi.

Wiki ya Krismasi kwetu si wiki ya kukosa mke. Walioko Dar, Arusha na Mwanza wote wanarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, mbuzi anachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, na kila anayeingia anauliza mama wa nyumba yuko wapi. Primus alikuwa ameanza kujibu kwamba ameenda kusalimia. Lakini hakuna anayesalimia wiki tano.

Siku tatu kabla ya sikukuu, mlima ulikuwa umejifunika mawingu na jua halikuonekana. Ndizi za mbege zilikuwa zimeshapikwa na kuchachuka kila nyumba, na kilichobaki kilikuwa kusaga kimea, yaani ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Tatizo lilikuwa hapo kwenye kukaushwa. Asubuhi hiyo Primus aliwarudisha Agness na Ester, majirani zake, kwa sababu kimea chao kilikuwa kibichi. Hawakwenda popote. Walitandika mikeka chini ya ukuta wa kibanda, wakaanika, wakangoja jua na mazungumzo.

Mazungumzo ndiyo yaliyotangulia. Pikapu ilisimama mbele ya kibanda. Dereva alikuwa Wenseslaus, kaka yake Hilda, mfanyabiashara wa Dar, mtu mnene aliyevaa suti nyeusi. Kando yake akashuka Mama Yuditha, mama mkwe. Hilda alibaki garini, akitazama mbele.

"Shikamoo, mama," Primus alisema.

"Marahaba, baba. Habari za upweke?"

"Tunaendelea, mama."

"Nimekuletea kimea usage."

Primus alilitazama gunia ambalo Wenseslaus alikuwa akilishusha. "Mama, Kirua mashine si zipo?"

"Zipo. Nimezipita zote, na za mjini nikazipita. Nataka unga wa mkwe wangu." Akasogea, akapunguza sauti, lakini si kiasi cha kuwanyima Agness na Ester. "Hilda ana begi lake garini. Kimea kikisagwa, begi linashuka. Kisiposagwa, tunageuza gari kabla mvua haijanyesha."

Primus alitia mkono guniani. Kimea kilikuwa kibichi kuliko cha Agness, kimeshikana kama udongo wa chungu. Kwetu mwanamume huona aibu hata kumtazama mama mkwe usoni, sembuse kumwambia gunia lake lina maji.

"Kina unyevu kidogo," alisema, akivitazama viatu vyake.

"Ester, umesikia?" Agness alisema kutoka ukutani. "Changu kilikuwa na maji. Cha mama mkwe kina unyevu."

"Agness, nyamaza."

"Nimenyamaza, baba Lucky. Naanika."

Primus akawasha injini, akamimina. Kwa muda mfupi unga ulitoka. Kisha kimea kikaganda kwenye chujio, mashine ikawa nzito, na mkanda ukaanza kuteleza kwenye puli ndogo, ukipiga kelele na kunuka mpira unaoungua.

"Mbona inalia?" Mama Yuditha aliuliza.

"Mkanda unateleza, mama."

"Si uukaze?"

Hapo ndipo mtu mwenye msimamo angezima injini. Primus alitazama garini, akaokota jiwe la pili, akalifunga kwenye boriti. Mkanda ukateleza bado. Akaning'iniza debe la maji. Mkanda ukatulia kidogo, kisha ukalia tena.

"Shem, shida ni uzito tu?" Wenseslaus aliuliza. "Mbona mimi nipo?"

Akajivuta juu, akakaa mwisho wa boriti, suti na yote, mikono magotini, kama askofu kwenye kiti chake.

"Kumbe Dar kuna chakula," Ester alisema.

Ni lazima nikiri kwamba ilifanya kazi. Roli ilididimia, mkanda ukaing'ang'ania puli, kelele ikaisha na unga ukatoka. Mama Yuditha akapunga mkono kuelekea garini. Mlango ukafunguliwa, na Hilda akashuka na begi lake.

Ndipo chujio likaziba kabisa. Siku nyingine mkanda ungeteleza, na Primus angepata nafasi ya kuzima injini. Siku hiyo shemeji alikuwa juu ya boriti na mkanda haukuwa na ruhusa ya kuteleza. Magurudumu mazito ya injini hayakukubali kusimama, mashine haikuweza kuzunguka, na kilichokuwa dhaifu kati yao kikakatika: shafti, ule mhimili wa chuma unaoizungusha mashine, pale pale kwenye beringi. Mkanda uliruka ukapiga bati. Boriti, iliyokosa cha kuegemea, ilishuka na Wenseslaus wake mpaka kwenye lundo la pumba. Alitoka humo mweupe hadi kwenye kope. Hakuumia, ila suti.

Injini ilipozimwa, Hilda alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba Lucky, kimea hiki kilikuwa kikavu?"

"Hapana."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ulinirudisha na mahindi mbele ya watu," Hilda alisema. "Niliona aibu, lakini nilijisemea nimeolewa na mtu asiyepindishwa. Hicho ndicho kilichonishusha kwenye gari sasa hivi, si unga wa mama. Kumbe sheria ilikuwa ya mimi na Agness tu."

"Hilda, mwanangu," Mama Yuditha alianza.

"Mama, twende. Na wewe kimea chako ukaanike."

Akachukua begi akarudi garini. Wenseslaus aliendesha kuelekea Kirua huku pumba zikipeperuka dirishani.

Wapo wanaosimulia kisa hiki ili wacheke, na mimi siwakatazi. Lakini sheria inayowabana wanyonge na kumlegezea mkubwa si sheria tena, na aliyeitunga ndiye wa mwisho kulijua hilo.

Kuivunja kulimgharimu Primus shafti na beringi zote mbili, wateja wa Krismasi waliohamia kwenye mashine ya umeme ya Damian ng'ambo ya mto wasirudi, na mke wake mpaka Pasaka.