Karatasi Mbili za Kusalimu Amri

Mwaka ule wa kuhamia vijijini nilipata habari kutoka Issuna kwamba babu yangu, Mzee Mughenyi, amekataa kuweka dole gumba kwenye daftari la kijiji. Asipoweka kufikia Ijumaa, mgambo watambeba. Nilikuwa mwalimu Utemini, mjini. Nikaomba ruhusa.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la mahindi. Njiani tulipishana na malori yaliyojaa vitanda, kuku na watu. "Usiwatazame sana, mwalimu," mama mmoja tuliyepanda naye aliniambia. Nikainamisha macho.

Saa nne nilifika kwenye tembe la babu, karibu na barabara. Mlango umefungwa kwa ndani.

"Shikamoo babu. Ni Mariamu."

"Marahaba. Una karatasi?"

"Sina."

Ndipo akafungua.

Mchana alinieleza. Wakati wa vita vya Wajerumani alikuwa mpagazi kwenye boma lao dogo. Risasi zilipokwisha, Mjerumani alimtuma nje na shuka jeupe. Lakini walikuwa wamefika Waingereza kutoka Kondoa na Wabelgiji kutoka magharibi, na kila upande ulidai kwamba Mjerumani asalimu amri kwake. Siku tatu waliandikiana barua huku askari wao wakielekezeana bunduki.

"Mimi niko katikati na shuka langu," alisema.

Mwisho kila mkubwa aliandika karatasi yake kwamba boma limesalimu amri kwake peke yake, akamlazimisha babu kuweka dole kama shahidi. Akaweka zote mbili. Mwingereza alipogundua, mkalimani wake alimwambia babu: shahidi wa uongo hunyongwa, hata ikipita miaka mingapi. Babu akatoroka.

"Tangu hapo sijakanyaga ofisi."

"Babu, hao wote wameondoka. Serikali sasa ni moja, ni yetu. Haitakudhuru."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Ijumaa asubuhi tulikwenda kwa katibu wa kijiji, babu kaning'ang'ania mkono. Alipobonyeza dole alifumba macho, akisubiri. Katibu alimshukuru tu, akasema atahamishwa baada ya mavuno. Babu akacheka kidogo, kwa aibu.

Jioni nilipata lori la kurudi. Tulipopita kwa babu niliwaona mgambo juu ya tembe, wanabomoa paa kwa majembe. Babu alisimama uani, mikono juu kama mtu aliyetekwa. Niligonga kibanda cha dereva. Hakusimama, akaongeza mwendo.

Nilikwenda Issuna nikidhani babu anaogopa mambo yaliyokwisha. Sasa mlango wangu ukigongwa, kabla sijafungua, nauliza anayegonga kama ana karatasi.