Wasifu wa Ukurasa Mmoja

Nilitaka aumbuke. Nasema wazi, maana wengine huandika wasifu ili wapate kazi. Mimi wangu niliuandika ili nimkomeshe fundi mkuu wangu.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kampuni binafsi zikianza kufika Songea. Moja ilitafuta mbunifu wa milango na samani: ulete wasifu, na picha za kazi zako ziwe kwenye mtandao. Nikabeba picha zangu hadi kwenye kafe ya intaneti mjini. Dada wa pale akaziangalia, akacheka.

"Kaka, mbona hizi nimemwekea mzee mmoja jana?"

Akanifungulia. Milango yangu yote sita, na juu yake jina la fundi mkuu wangu, aliyenifukuza bila hata barua. Kwenye karakana zetu mkono wa mwanafunzi ni mali ya fundi mkuu. Miaka saba nilimwamkia nikanyamaza, lakini siku ile damu ilinichemka.

Wasifu wake ulikuwa bado mezani, kurasa nne: dini, kabila, idadi ya watoto, kupenda mpira. Mjini kila mtu alichapiwa hivyo hivyo. Wangu niliufanya ukurasa mmoja. Chini ya kila picha niliandika mlango uko wapi, ni mbao gani, na nilikosea nini. Picha ya tatu, zahanati ya Matogoro: mninga ulipasuka nikichimba tundu la kitasa, nikaziba kwa kipande cha mbao nyekundu ya mkongo. Kitasa kimekifunika.

Fundi hatangazi kosa lake, ni aibu. Mimi niliitangaza yangu kwa raha zote.

Kwenye usaili tuliitwa pamoja. Mhandisi wa kampuni akamwonyesha fundi mkuu picha ya tatu.

"Nyuma ya kitasa hiki kuna nini?"

"Mninga mtupu, mheshimiwa. Mimi sibandiki viraka."

Mhandisi akachukua bisibisi, tukapanda gari sote watatu hadi Matogoro. Wagonjwa walisimama kutazama. Skrubu ya mwisho ilipotoka, kiraka kikaonekana, chekundu ndani ya mninga.

Nilimkazia macho mpaka akainama. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Moyo wangu uliburudika, na mpaka leo sijatubu, ingawa padri ameshaniuliza mara mbili.

Mhandisi alipotangulia garini, mzee akaninong'oneza, "Mwanangu, hata mlango mmoja hukuniachia?"

"Hata bawaba, baba."