Siku Nilipokwenda Kumsalimu Kocha

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki nikianzia kwenye kofi. Ni rahisi kuanzia hapo kwa sababu kofi nilipigwa mimi. Leo nianzie panapostahili, kwenye jezi.

Tulikuwa timu ya mpira wa vikapu ya kazini, na uwanja wetu ulikuwa wa saruji, kando ya ukumbi wa mtaa kule Jericho. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ingawa kazi yenyewe niliipata kwa ajili ya urefu wangu. Kocha alikuwa ameajiriwa kufundisha timu ile tangu sisi tukivaa kaptura za shule. Hakuwa mtu wa kelele. Akitaka kukutoa uwanjani alisimama, akakunyoshea kiganja. Ulikuja, ukampa mkono, ukakaa.

Jumamosi moja, katikati ya ligi, mke wangu alimleta binti yetu wa miaka sita anione nikicheza kwa mara ya kwanza. Nilicheza ovyo, macho yangu yakiwa kwa mtoto. Kocha akaninyoshea kiganja. Sikumpa mkono. Nilivua jezi, nikaitupa miguuni pake, mtaa mzima ukitazama, na ndipo aliponipiga kofi.

Binti yangu hakulia. Njiani aliuliza tu, "Baba, ulikosa nini?" Nilimwambia anyamaze.

Jumanne iliyofuata kocha alikuja mazoezini amevaa shati na tai. Aliweka firimbi juu ya benchi.

"Nimempiga mwanamume mbele ya mtoto wake," alisema. "Mtu aliyefanya hivyo hana la kuwafundisha."

Barua ya kujiuzulu alikuwa ameshaipeleka ofisini. Aliondoka kwa miguu kama anayekwenda dukani kununua maziwa, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuigusa ile firimbi.

Tulifungwa mechi mbili mfululizo. Wenzangu walimwendea nyumbani na sukari na majani ya chai. Aliwapokea vizuri, akawaambia jambo lile halikuwa lao. Kapteni akanifuata karakana.

"Buda, mzee anangoja wewe tu," aliniambia. "Ukienda, atarudi. Usipoenda, hii timu imeisha."

Watu husema hasira hasara, lakini hasara ya hasira yangu iliwaangukia wengine. Nilijua hivyo, na bado nilichukua wiki mbili kujikokota.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, nikiwa nimejifunza maneno matatu: kocha, nisamehe, urudi. Mkewe alitupikia chai na nduma. Tuliongea habari za mvua na za wagonjwa wa mtaani. Kocha hakuniuliza kitu, kwa kuwa mgeni haulizwi neno lake kabla hajashiba. Vyombo vilipoondolewa alifuta mikono.

"Haya, kijana. Kuna neno lililokuleta?"

"Hapana, kocha. Nilikuja kuwasalimu tu."

Ningependa kusema sijui jibu lile lilitoka wapi. Najua. Nilitaka aanze yeye. Nilitaka nisikie "pole" kutoka kinywani mwake kabla ya kutoa neno langu, kana kwamba hakuwa ameshaitoa kazi yake nzima iwe pole kwangu.

Alinitazama kidogo. "Ni vizuri kusalimiana," akasema.

Akanisindikiza. Mgeni wa salamu husindikizwa mpaka kwenye kona. Yeye alikuja nami tukapita maduka, tukapita soko, mpaka barabara kubwa, akitembea polepole. Nilielewa kwamba alikuwa ananipa nafasi. Nikamweleza habari za viatu vya mtoto vinavyombana. Barabarani alininyoshea kiganja, vilevile kama uwanjani, nami safari hii nikampa mkono. Kisha akageuka akarudi kwake.

Jumanne wenzangu walinizunguka kabla sijafunga kamba za viatu.

"Mzee amesemaje?"

"Amekataa," nikawaambia.

Waliniamini. Kapteni akachukua firimbi, tukaanza mazoezi. Walimwita mzee mwenye moyo mgumu mpaka mwisho wa mwaka, alipohamia kwao mashambani, na walipomwita hivyo mimi nilikuwa papo hapo nao, nikidunda mpira.