Keki Iliyopitishwa Kanisa

Sisi waendesha pikipiki wa Kithimani, hata mimi mwalimu wa shule, tuna sheria moja: mwenzako akikwama, humwachi. Jumamosi nilimwona Mutua wa bodaboda akiteremka mlima injini ikiwa imezimwa, amebeba keki ya harusi iliyokuwa, bila mimi kujua, ikisubiriwa kanisani. Nikadhani amekwama; nikiwa juu ya pikipiki yangu, niliweka mguu kwenye kikanyagio chake, nikamsukuma kwa fahari. Tulipofika kanisani alipunga mkono. Nikadhani ananishukuru, nikaongeza mwendo. Hakuthubutu kufunga breki, keki isianguke. Kilomita mbili mbele, petroli yangu iliisha, tukasimama, na Mutua akanigeukia.

“Mwalimu, pikipiki yangu iko sawa! Nilikuwa nabana mafuta tu. Na hii keki ni ya pale tumepita!”

Aliwasha injini kwa teke moja, akanisukuma kwa mguu hadi kanisani, ambako wageni walitupokea kwa vigelegele.